Kifua Kilichoandikwa Jina Langu

Ifakara, Jumamosi, saa tisa alasiri. Mvua imekatika tangu adhuhuri na joto limerudi palepale lilipoachia. Uwanja wote tope. Nimekaa kibarazani na simu mkononi. Madaftari ya darasa la sita nimesahihisha nusu, nusu nimeyasukuma pembeni, kwa sababu leo siwezi kusoma insha ya mtoto wa mtu kabla sijaandika ya kwangu.

Wiki tatu na siku kadhaa sijaandika humu. Wachache waliniuliza kama naumwa. Swali lile lilinipa shida kuliko walivyodhani.

Naumwa? Kwa siku kumi na moja nilikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Kwenye mfumo, lakini. Mwilini sikuwa naye hata mdudu mmoja.

Nianze mwanzo.

Ilikuwa Alhamisi. Gari kubwa jeupe lilikuja kuegeshwa kwenye uwanja karibu na soko, na spika yake ikaanza kutangaza tangu asubuhi: pima kifua bure, majibu siku hiyohiyo, picha inasomwa na akili mnemba. Neno hilo la mwisho mtangazaji alilitamka kwa madaha, akalirudia mara tatu. Mimi nilikuwa na kipindi, nikamsikia hadi darasani. Watoto wakaniuliza akili mnemba ni nini. Nikawaambia ni kompyuta iliyofundishwa kubahatisha vizuri. Walicheka. Nami nilijiona nimesema kitu.

Sikuwa na mpango wa kwenda kupimwa. Niliyetaka apimwe ni baba mkwe wangu, Mzee Fokasi, anayeishi na sisi tangu mama mkwe alipofariki. Alitoka Malinyi na sanduku moja na redio yake, akachukua chumba cha nyuma, na toka siku hiyo binti yangu Asteria, mwenye miaka sita, hana rafiki mwingine duniani. Mume wangu, Remi, ni fundi mitambo kule kwenye miwa. Anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo nyumba hii ni mimi, Baba na Asteria.

Baba alikuwa anakohoa. Si sana. Kikohozi cha asubuhi, kikavu, ambacho yeye alikiita kikohozi cha vumbi la mpunga. Mwezi wa kwanza nilikubali ni vumbi. Wa pili nikaanza kuhesabu.

Alikubali kwenda kwa sharti moja.

"Tukienda, tunapima wote, mama Asteria. Sitaki kusimama pale peke yangu watu wakasema mzee wa watu anaumwa."

Basi tukaenda wote. Palikuwa na foleni ndefu chini ya turubai, na mwisho wa foleni binti mmoja anaandikisha watu kwenye kishikwambi. Jina lake Zuhura. Nililisoma kwenye kitambulisho alichovaa shingoni. Binti mpole, anaongea harakaharaka, jasho limemlowesha ushungi. Alimuuliza Baba kama anakohoa.

"Kikohozi? Sina," alisema Baba.

Nilimtazama. Akanitazama. Unamkatalia vipi baba mkwe wako mbele za watu, huku nyuma yako wamepanga wazazi wa wanafunzi wako? Zuhura akagusa kioo, akaendelea na swali linalofuata. Namba ya simu tuliandika moja kwa wote wawili, yangu, kwa sababu simu ya Baba hukaa imezimwa ili betri isiishe.

Aliingia Baba kwanza, nikafuata mimi. Ndani ya gari kuna ubaridi kama wa benki. Unasimama, unabana kifua kwenye ubao, unaambiwa vuta pumzi, shikilia, haya toka. Basi. Nilitegemea angalau mlio.

Jioni ile meseji mbili ziliingia zikifuatana. Ya kwanza: ndugu Fokasi, picha yako haina dalili, endelea kujikinga. Ya pili: ndugu Leonsia, picha yako imeonesha dalili zinazohitaji uchunguzi zaidi, fika kituo cha afya mapema iwezekanavyo.

Nilizisoma mara ya pili. Kisha nikamsomea Baba ya kwake, ya kwangu nikaibana. Lakini mzee yule ana macho.

"Na yako?"

"Wanasema niende tena."

Alicheka taratibu, si kwa ubaya. "Kumbe mwalimu ndiye mgonjwa."

Sikucheka. Sina kikohozi. Sitoki jasho usiku. Kukonda, mnanijua, sijakonda.

Kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa hofu, nakiri. Kilikuwa ni kutoamini. Nilikulia Namawala, na mtu aliyekulia Namawala amezoea watafiti. Tulikuwa tukiamka tunakuta wageni wanakusanya mbu ukutani, tunachomwa vidole, tunaandikwa kwenye daftari, tunaondoka kwenda shule. Vyandarua tulipata, sitakana, na homa zilipungua, sitakana. Ila marehemu mama yangu alikuwa na swali lake moja kwa kila aliyeingia uani na kalamu: "Mkishachukua, mnapeleka wapi?" Walimjibu kwa adabu kila mara, na kila mara alibaki amesimama pale akiwaangalia wanavyoondoka. Ukaidi ule nimeurithi wote.

Kwa hiyo nikajiuliza. Gari lile linaishi kwa nini? Kama siku nzima halikupata mgonjwa, wenyewe wataambiwa nini huko walikotoka? Kompyuta ambayo haijawahi kuniona, haijaniuliza nimelalaje, inajuaje kifua changu? Nilimpigia Remi, naye akasema niende tu, haina haja ya kubishana na mashine. Nikamwambia yeye ni fundi mitambo, lazima aitetee.

Mdomoni nilikuwa hivyo. Sasa sikilizeni nilichofanya kwa mikono.

Usiku uleule nilitenga kikombe changu. Nikatenga kijiko na sahani. Asteria, ambaye siku zote analala kitandani kwangu baba yake akiwa hayupo, nikamhamishia chumba cha babu yake, kwenye kitanda kidogo cha kamba kilichokuwa stoo. Alifurahi kupita kiasi. Nilimwambia ni kwa sababu mama ana kazi nyingi za kusahihisha.

Hadharani naibeza mashine, gizani naitii. Na kwa kuitii nikamtoa mwanangu mahali palipokuwa salama.

Lakini wakati ule sikujua.

Jumatatu nilienda kituo cha afya. Tabibu wa kliniki ya kifua kikuu ni mwanaume wa makamo, Kapinga, mtu mtaratibu, ana tabia ya kugonga kalamu mezani anapofikiri. Walitaka makohozi. Utatoa wapi makohozi mtu usiyekohoa? Nilisimama nyuma ya jengo na kikopo changu kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, nikatema mate, nikarudishwa, nikajikohoza mpaka machozi yakanitoka. Wakapokea. Ijumaa majibu yakatoka: hakuna kifua kikuu.

Nilidhani imeisha. Jumatatu iliyofuata Kapinga akanipigia niende tena. Alikuwa na karatasi mbele yake.

"Mwalimu, makohozi yako ni safi, lakini kompyuta imekupa alama ya juu sana. Siwezi kukuacha hivihivi. Tutarudia makohozi, na ikibidi tutaanza dawa huku tunafuatilia."

"Dawa za muda gani?"

"Miezi sita."

Nadhani hata waliokaa kwenye benchi nje walinisikia. Nilimuuliza nani ni daktari katika chumba kile, yeye au kompyuta. Nilimuuliza kama ningekuwa mkulima asiyejua kuuliza, si ningekuwa nimeshameza vidonge leo. Nilisema na mengine ambayo mwalimu hapaswi kuyasema kwenye ofisi ya mtu. Kapinga alisubiri nimalize. Kisha akafanya jambo ambalo nadhani alitakiwa kulifanya siku ya kwanza: aligeuza skrini yake, akafungua picha yenyewe.

Sijui kusoma picha za kifua. Niliona mbavu, moyo kama ngumi ya ukungu, na upande wa juu kompyuta ilikuwa imepaka rangi nyekundu na njano, kama moto uliochorwa na mtoto.

Kapinga alianza kunielekeza, kalamu ikazunguka ile nyekundu, halafu ikasimama. Ikapanda juu kidogo.

"Uliwahi kuvunjika mtulinga?"

Nilimuuliza mtulinga ni mfupa gani. Akagusa wa kwake, ule ulalao kati ya shingo na bega.

"Sijawahi kuvunjika hata kidole."

"Huu ulivunjika zamani, ukaunga vibaya. Unaona ulivyopanda?" Aligonga kalamu mezani, mara moja, mara mbili. Akasogeza uso karibu na skrini. Kisha akajikuna shingo kwa aibu. "Mwalimu, samahani. Hiki kifua ni cha mwanaume."

"Hukuwa umeiona?" nilimuuliza.

"Niliona ripoti. Picha zinaingia nyingi, kompyuta inazipa alama, na mimi nafuata alama. Picha yenyewe sikuifungua."

Ninaliandika hili kama alivyolisema, kwa sababu ni jibu la kweli na kwa sababu linanitisha mpaka leo. Mashine haikukosea. Iliona ugonjwa ulipokuwepo. Ila sisi wenye macho tulipopata kitu cha kutusomea, tukaacha kusoma.

Alinipeleka chumba cha picha palepale, nikapigwa upya, na safari hii aliitazama yeye mwenyewe, polepole, mfupa kwa mfupa. Safi. Mitulinga yangu miwili imenyooka. Akaomba radhi tena, akachukua simu kuwapigia watu wa gari ili watafute picha ile ni ya nani. Sikungoja. Nilitoka pale nimeinua kichwa kama mtu aliyeshinda kesi. Njiani nikanunua perege watatu wakubwa, wabichi, nikakumbuka na ndimu. Nilipiga simu kwa Remi nikamwambia mitambo yako imeshindwa na mwanamke wa Namawala.

Furaha ile ilidumu kutoka kituo cha afya hadi getini kwangu.

Baba alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, na singlendi, akirekebisha mguu wa kigoda. Asteria alikuwa amemkumbatia kwa nyuma, kidevu juu ya kichwa cha babu yake, anamwimbia kitu cha shule. Baba akakohoa. Aligeuza uso upande, kama afanyavyo siku zote, na alipogeuka ile nundu ya chini ya shingo yake ikajitokeza nje ya singlendi.

Miaka mitano naiona nundu ile. Alianguka kwenye tololi, kigari cha relini, alipokuwa kibarua wa reli kule Mlimba, enzi za ujana wake, akatibiwa na mzee wa kuunga mifupa. Hadithi yenyewe ameshatusimulia mara nyingi, Asteria anaweza kuisimulia kwa sauti ya babu yake.

Nilisimama pale na mfuko wa samaki. Aliyeingia garini kabla yangu alikuwa nani?

Najiuliza mpaka leo kama sikujua palepale ofisini, Kapinga alipotaja mfupa uliounga vibaya. Pengine sehemu fulani yangu ilijua, ikaona heri ishangilie kwanza.

"Asteria, njoo huku," nilisema.

"Mama, tunaimba."

"Njoo."

Nilimtuma kwa jirani apeleke ndimu mbili ambazo jirani hakuziomba. Kisha nikakaa kwenye ukingo wa mkeka, nikamwambia Baba kesho twende tena kupima. Hapo ndipo nilipopata adhabu yangu ya kwanza.

"Mimi? Mimi si nilishapimwa? Mashine ilisema mzima, ukanisomea mwenyewe. Wewe ndiye uliyekuwa huiamini. Mimi naiamini."

"Baba, walichanganya."

"Walichanganya ya kwako au ya kwangu?"

"Zote mbili. Picha waliyosema ni yangu ina mtulinga uliovunjika. Daktari ameniuliza nilivunjika lini."

Mkono wake ulipanda wenyewe shingoni. Alipapasa nundu ile kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayetafuta kifungo. Nilitegemea abishe. Nilikuwa nimeandaa maneno.

Hakubisha. Aliuliza tu:

"Mtoto analala chumbani kwangu tangu lini?"

"Tangu Alhamisi ile, Baba."

Alisimama, akaingia ndani, nikasikia kitanda cha kamba kikiburutwa. Alikitoa mwenyewe hadi sebuleni. Jioni hiyo alikula peke yake uani, akamkataza Asteria asimsogelee, na mtoto alilia akidhani babu amemkasirikia. Perege walibaki sahanini na ndimu zao. Hakuna aliyekula kwa furaha.

Asubuhi alivaa shati lake la kanisani. Nilimfuata nyuma, na kwenye dawati la Kapinga alipoulizwa kama anakohoa alijibu mwenyewe, kwa sauti: "Nakohoa, mwanangu. Miezi mitatu sasa. Ile siku nilidanganya." Jumatano majibu yakatoka, na hayakuhitaji kompyuta kuyatafsiri. Ana kifua kikuu.

Ameanza dawa. Kila asubuhi, kabla ya uji, anameza mbele yangu, maana mimi ndiye niliyeandikwa msimamizi wake. Ananyoosha ulimi kunionesha amemeza, kwa utani, kama mtoto. Tumbo lilimsumbua siku za mwanzo, sasa afadhali. Analala peke yake, dirisha wazi, na mchana anakaa nje chini ya upenu wa paa. Remi alikuja, akapimwa, mzima. Asteria amepimwa: hana ugonjwa. Wamempa dawa za kinga, na nimeambiwa nimwangalie uzito na kikohozi. Ninamwangalia. Akipiga chafya kwenye darasa la jirani naamini naisikia.

Kama hadithi ingeishia hapa ningelala vizuri.

Kuna jambo sijaliandika huko juu. Nililiruka, na nililiruka makusudi.

Siku ile chini ya turubai, Zuhura alipomaliza kutuandikisha alitoa vikaratasi viwili vyenye mistari ile ya kumulikwa ili picha ipate jina, kimoja cha Baba, kimoja cha kwangu. Alinipa vyote mimi. Baba alikuwa anavua shati. Mlangoni nilimpa Baba kimoja nikabaki na kingine. Sikutazama. Miwani ilikuwa mkobani na nilikuwa nawasalimia wazazi wa watoto.

Ni mkono wangu huu.

Nilikumbuka Jumatano ileile ya majibu, nikiwa nimekaa mbele ya Kapinga. Alikuwa ameniita kando kuniomba radhi kwa mara ya tatu. "Yule binti wa kuandikisha tumemsimamisha," alisema. "Amechanganya watu wawili wa nyumba moja. Angeweza kuua mtu." Na papo hapo nikaona vile vikaratasi viwili mkononi mwangu, wazi kabisa, hata kona iliyokunjika nikaiona.

Nilitikisa kichwa. Nilitikisa kwa uzito, kama mtu aliyekosewa sana na bado ana roho nzuri. Nikasema, "Vijana wa siku hizi wawe makini."

Nilisema hivyo.

Siku kumi nimeishi na sentensi ile. Nimeshuku gari, nikashuku waliolileta, nikashuku kompyuta, nikamshuku Kapinga. Kila niliyemshuku nilikuwa na sababu, na sababu nyingine bado nasimama nazo. Mtu mmoja tu sikumshuku, na ndiye aliyekuwa na karatasi.

Leo asubuhi nilienda. Kwanza kituo cha afya, kwa sababu Kapinga yuko zamu Jumamosi. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Aligonga kalamu muda mrefu.

"Mwalimu, ungesema siku ile."

"Najua."

"Basi andika."

Akanipa karatasi na kalamu, nami nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, kwamba vikaratasi nilivishika mimi na nadhani nilivichanganya mimi. Amesema ataipeleka kwa mganga mfawidhi Jumatatu na kwamba binti anaweza kurudi. Amesema pia sasa pale kwenye mashine mtu anaulizwa jina lake na analitaja kwa mdomo kabla ya kupigwa picha. Nikamuuliza kwa nini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Akasema mfumo ulitakiwa kuwa wa haraka.

Nikamuuliza picha ya Baba iko wapi sasa, na bado ina jina langu? Akasema imerekebishwa, iko mtandaoni. Nikamuuliza mtandaoni wapi. Hakujua. Hakunidanganya, alisema tu hajui. Nimemwambia Jumatatu nakuja kuiona kwa macho yangu, jina la Fokasi juu yake na picha yangu safi ikiwa na jina langu. Na nitauliza tena inakopelekwa. Siachi swali hilo kwa sababu tu na mimi nilikosea.

Kisha nikaenda nyumbani kwa akina Zuhura. Si mbali, nyuma ya maduka ya nguo. Baba yake ni mmoja wa wale wenye asili ya pwani waliokuja kufanya biashara hapa zamani. Nilimkuta binti anapeta mchele mbele ya nyumba. Aliponiona alisimama, akafuta mikono kwenye khanga.

"Shikamoo, mwalimu. Mzee anaendeleaje?"

Hilo ndilo swali lake la kwanza. Aliyepaswa kunichukia ananiuliza hali ya mzee.

"Marahaba. Anaendelea vizuri." Kisha nikamwambia. Sikuzunguka. Nilipomaliza alikuwa anaangalia ungo.

"Siku kumi nimekaa nyumbani," alisema. "Mama ananiuliza nimekosa nini, na mimi namwambia sijui. Kila siku narudia ile foleni kichwani, natafuta nilipokosea. Nimeanza kuamini kwamba hata nikikaa macho nakosea."

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, na sikumlaumu. Alitikisa ungo mara mbili, pumba zikaruka.

"Ila na mimi nilikupa karatasi zote mbili mkononi," alisema baadaye. "Tulifundishwa kila mtu apewe yake na atajwe jina. Foleni ilikuwa ndefu, nikaona nyie ni wa nyumba moja. Niandike na hilo?"

Nilimwambia hana haja ya kuandika chochote.

"Nitaandika," alisema. "Nisipoandika watarudia."

Nimerudi nyumbani nikiwaza juu ya binti huyu wa miaka ishirini na kitu, aliyejishuku siku kumi kwa kosa la mtu mwingine, na alipopewa nafasi ya kutoka safi akakumbuka sehemu yake. Mimi na umri wangu, na chaki yangu, ilinichukua siku kumi kufika kwenye mlango wake.

Na ninawaza jambo jingine, ambalo halinipi raha. Kama Baba asingewahi kuanguka kule Mlimba? Kama mifupa yake ingekuwa imenyooka kama yangu? Kapinga asingeona kitu cha kumshtua. Ningerudia makohozi, pengine ningemezeshwa vidonge vya miezi sita nikiwa mzima, na Asteria angeendelea kulala kwenye kitanda kile cha kamba, akimwimbia babu yake mwenye cheti cha uzima. Gari lile limeenda Mlimba sasa, nasikia. Natumaini kule wanataja majina.

Siichukii mashine. Ilimwona Baba kabla yetu sote. Lakini sitaipa tena karatasi bila kuisoma, wala sitampa mtu.

Bado kuna mmoja hajui. Baba anaamini ni binti wa watu aliyechanganya, na juzi alisema akimkuta atamsamehe, maana ni mtoto. Nilimwacha aseme. Sasa hivi yuko pale upenuni kwenye mkeka amezima redio, anasikiliza Asteria akimsomea kitabu kutoka umbali wa hatua tano, umbali waliokubaliana wenyewe. Mtoto akikosea neno, babu anakohoa makusudi ili arudie.

Ukurasa ule ukiisha nitamwita Asteria aje kuoga, kisha nitakaa ukingoni mwa mkeka na kumwambia Baba ni nani aliyempa karatasi.